Nyua za Kando ya Bonde

Kokushubila alikuwa msanifu wa mandhari, kazi ambayo majirani zake wa Kijichi hawakuielewa mpaka alipobandika mchoro kwenye ukuta wa duka la Bi Wahiba. Kabla ya hapo walidhani anauza maua.

Mchoro ulikuwa wa bonde lililopita nyuma ya nyumba zao. Mwekezaji mmoja alikuwa amepewa kibali cha kulijaza kifusi ajenge yadi ya malori. Koku alichora maji ya masika yatakapoelekea bonde likishajazwa: vyumbani mwa watu. Pembeni akachora bonde lilelile likiwa na matete na mikuyu, maji yakipita bila kuzuiwa.

Siku ya tatu walikuja askari wawili. Waliubandua mchoro, wakamchukua na aliyeuchora.

"Nani kakutuma?" mpelelezi alimuuliza kituoni.

"Hakuna. Ndiyo kazi niliyosomea."

"Ulisomea kupinga maendeleo?"

"Nilisomea maji yanapita wapi."

Mpelelezi akaandika: uchochezi.

Bi Wahiba alikuwa na miaka sitini na mbili na hakuwahi kukanyaga kituo cha polisi. Babu yake ndiye aliyefungua lile duka, baba yake akaliendesha, na wote wawili walimfunza kukaa mbali na mambo ya serikali. Asubuhi iliyofuata alilifunga duka, akavaa buibui, akaenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa kumwekea Koku dhamana. Walimkalisha kwenye benchi mpaka alasiri.

"Huyu nani wako?" askari wa kaunta alimuuliza hatimaye.

"Mwanangu."

Askari akamtazama yule mama wa Kiarabu, akamtazama na Koku, Mhaya mrefu aliyekuwa ametolewa mahabusu bila viatu. "Mwanao kivipi?"

"Andika jirani, basi, kama kitabu chako hakina nafasi ya mwana."

Dhamana ilikuwa na masharti. Koku asiitishe mkutano, wala asibandike mchoro mahali pa umma.

Njia nzima ya kurudi alilia, na Bi Wahiba alimwacha alie. Walipofika karibu na nyumbani akamuuliza, "Uani kwangu ni mahali pa umma?"

"Hapana, Bi Wahiba."

"Basi nichoree ua wangu. Kule nyuma unakoishia bondeni."

"Watakufuata na wewe."

"Najua. Mie naogopa, mwanangu, usidhani siogopi. Ila chora."

Koku akachora. Mwalimu Elibariki, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipoona miche ya matete na mikuyu kutoka Pugu inashushwa kwa Bi Wahiba, naye akaja kuomba achorewe ua wake. Wakafuata wengine, mmojammoja, kila mtu kwa siku yake, wakinywa chai na kuaga. Mkutano haukuitishwa. Kufikia Desemba nyua kumi na nne zilikuwa zimepandwa ukingoni mwa bonde. Mpelelezi alifika siku moja, akamkuta Mwalimu Elibariki kwenye tope hadi magotini.

"Unafanya nini hapo?"

"Bustani, afande."

"Nani kakwambia?"

"Mke wangu."

Yadi ilijengwa hata hivyo, ikala nusu ya bonde upande wa pili. Kesi ya Koku iliahirishwa mara saba, kisha ikafutwa bila maelezo. Ofisi iliyomsimamisha kazi alipokamatwa haikumrudisha.

Mwezi Machi mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Maji yalipanda, yakatawanyika kwenye matete, yakaziacha nyumba kumi na mbili kavu. Mbili yaliziingia jikoni.

"Nilikosea vipimo," Koku alisema.

"Kumi na mbili zimelala kavu," alisema Bi Wahiba. "Vaa viatu twende."

Walikwenda na ndoo, wakasaidiana na wenyeji kuyachota maji mpaka sakafu ikaonekana. Kisha Koku akatoka kwenda uani, akasimama pale maji yalipovunjia ukingo, akatoa karatasi na penseli. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Bi Wahiba akasogea, akamshikia mwavuli juu ya karatasi, mwenyewe akiloa mabega.

"Haya," alisema. "Chora upya, bila haraka."