Kicheko kwenye Santuri ya Cleota Vance

Mara ya kwanza Othella Rusk alikisikia kile kicheko akiwa anamenya viazi. Santuri yenyewe aliipata kwenye mauzo ya vitu vikuukuu kanisani kwake, ndani ya sanduku lililojaa nyimbo za injili na mahubiri ya wachungaji waliokwisha kufa, akaiweka kwenye gramafoni bila kutarajia kitu. Ilikuwa bendi ya Clovis Tarrant, iliyokuwa ikiwachezesha watu dansi hapa Kansas City kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tarumbeta zikafungua, saksafoni zikaitikia, kisha akaingia msichana mwenye sauti nyembamba iliyokaza, akimwambia mwanamume fulani kwamba kofia yake anaijua, hata ikitundikwa kwa jirani. Maneno hayo yalipoishia, kabla tromboni hazijadakia, mtu akacheka.

Hakikuwa kicheko cha kuigiza. Kilitoka kama chafya, kinene na kifupi, halafu kikakatika ghafla, kama cha mtu aliyejiziba mdomo.

Othella akaiacha sufuria, akafuta mikono na kuirudisha sindano nyuma. Akarudia, akarudia tena. Alikuwa mjane, mwalimu wa piano, na kazi hiyo ilikuwa imemharibu: hawezi kusikiliza muziki akaridhika tu, lazima ajue nani kafanya nini na kwa nini. Viazi vilikuja kupikwa jioni, tena nusu yake.

Kesho yake alimsimulia jirani yake Percy Gaddis, huku kila mmoja akiwa upande wake wa uzio. Percy alikuwa amestaafu kazi ya kuwahudumia wasafiri kwenye mabehewa ya kulala, treni za kwenda Chicago, na kila safari alirudi na santuri. Sasa nyumba yake ilikuwa na santuri nyingi kuliko sahani. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Bi Othella, hiyo ninayo tangu wewe unasukwa mabutu. Hakuna anayecheka humo."

"Basi ilete tusikie."

"Niilete uikwaruze na hiyo mashine yako?"

"Ilete, Percy. Au sema tu unaogopa."

Akaileta, imefungwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Lebo zilikuwa sawasawa: nyekundu, maandishi ya dhahabu, jina la wimbo, jina la bendi, na chini yake kwa herufi ndogo, mwimbaji Cleota Vance. Wakapiga ya Percy kwanza. Msichana aliimba habari za kofia, tromboni zikadakia, wala hakuna aliyecheka. Percy akamtazama mwenzake kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi. Wakapiga ya Othella. Kicheko kilipotoka, Percy akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaomba irudiwe, kana kwamba miwani ndiyo iliyokuwa inamzuia kusikia.

Ni Percy aliyepata kujua sababu, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimkosesha usingizi siku zote. Kwenye kila santuri ya zamani, karibu na lebo, kuna namba iliyochorwa. Akazishika zote mbili chini ya dirisha. Namba ilikuwa ileile, ila ya kwake iliishia na mbili, na ya Othella iliishia na moja. Akaeleza kwamba enzi hizo wimbo ulirekodiwa kwenye sahani ya nta, na wakiukosea waliurudia kwenye nta nyingine. Ya kwanza ilipaswa kutupwa. Bila shaka kiwandani mtu alichanganya, nakala chache za ile iliyokataliwa zikachapwa na kuuzwa, hadi moja ikaangukia kwenye sanduku la wachungaji.

"Kwa hiyo yeye alicheka, akaiharibu, wakaanza upya," Othella akasema.

"Ndivyo inavyoonekana."

"Lakini alicheka nini?"

Percy hakujua, na kwake hilo halikuwa na uzito. Alichotaka ni kuinunua ile santuri. Othella akamwambia haiuzwi kabla hajapata jibu, na kwamba Percy mwenyewe ndiye atakayemsaidia kulipata, kwa kuwa ana gari.

Wakaanzia kwenye jumba la wanamuziki, ambako wazee waliowahi kupiga na kila bendi ya mji huu hukutana kucheza karata na kubishana. Mpiga saksafoni mmoja aliyebakiwa na meno machache alimkumbuka Cleota vizuri. Alisema alikuwa kitoto, kifupi hivi, wakimpandisha juu ya kreti ya soda ili aifikie maikrofoni. Hakudumu na bendi. Mama yake alimtoa. Sasa ni Bibi Pettiford, anaishi ng'ambo ya mto, upande wa Quindaro, na Jumapili huwapokea waumini mlangoni kanisani akiwa amevaa glavu nyeupe. Je, bado anaimba? Mzee akajibu kwamba hata tenzi za kanisani siku hizi anazisema tu kwa midomo.

Jumamosi mchana wakavuka mto kwa Buick ya Percy, gramafoni ya mkononi ikiwa kiti cha nyuma na santuri mbili mapajani mwa Othella. Cleota Pettiford aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mfupi kweli, mwenye macho ya kupima watu. Aliposikia walichofuata hakufurahi wala hakukasirika. Aliwakaribisha, akawakatia pai ya pichi, akawamiminia chai ya barafu, na muda wote huo alikuwa anasema kwamba hawatapata mengi kwake. Aliimba na Tarrant majira moja tu ya kiangazi, akiwa na miaka kumi na saba. Chicago alifika mara moja. Ile santuri ilipotoka alikuwa ameshaacha, na nyumbani kwao hakukuwa na ruhusa ya kuipiga.

"Mama alikuwa Mmethodisti wa kisawasawa," akasema. "Alikubali niende Chicago kwa sharti kwamba na yeye anakuja. Hakuwa tayari kuniacha nilale mji mwingine na wanaume wazima kumi na wawili. Tuliporudi akasema basi, nimeshaona, inatosha. Hakunipiga. Alikwenda tu kwa Bwana Tarrant akamrudishia magauni."

Othella akamuuliza kuhusu siku yenyewe. Cleota akakumbuka joto. Madirisha yalifungwa ili kelele za barabarani zisiingie, na wapigaji wakavua makoti, wengine hata viatu. Yeye akasimama kwenye kreti yake. Mama akawekwa kwenye kiti nyuma yake na kuambiwa hata kupumua apumue polepole. Wimbo wa kofia waliurudia, ndiyo. Mara ya kwanza uliharibika.

"Bwana Tarrant alisema nimeuharibu mimi. Nimecheka. Nikamwambia sijacheka, akasema nani basi, hapa kuna mwanamke mwingine anayeimba? Alinisema mbele ya wote, na ndani ya treni akanisema tena. Mimi nikajua ni mpiga ngoma, alikuwa mtu wa utani. Lakini sikuwa na ushahidi, na ile nta ilikuwa imetupwa."

"Haikutupwa, Dada Cleota," Othella akasema, akaiweka santuri.

Sauti ya msichana ilipoanza, Cleota aliangalia chini, kwenye mikono yake. Labda alikuwa anaona aibu. Labda alikuwa anamhurumia yule mtoto. Kofia yako naijua, akaimba msichana, hata ikitundikwa kwa jirani. Kicheko kikatoka. Cleota akainua kichwa.

"Rudisha."

Othella akairudisha sindano.

"Huyo si mimi," Cleota akasema. "Sikiliza vizuri. Mimi hapo bado nimeishika noti, sijaiachia. Mtu hawezi kushika noti na kucheka kwa pamoja."

Percy akamgeukia Othella, ambaye alihisi uso ukipata moto. Siku zote hizo alikuwa amesikiliza kicheko peke yake, wala hakuwahi kusikiliza kilichokuwa chini yake. Akarudisha tena, na sasa ilikuwa wazi kabisa: noti nyembamba ikienda zake bila kutetereka, na kicheko kikipita pembeni yake, kutoka nyuma kidogo.

Cleota alisimama, akaenda ukutani palipokuwa na simu, akapiga kwa mdogo wake Thurlow, kule Wichita. Hakumsalimia vizuri. Alimwambia asikilize kitu halafu amwambie ni nani, kisha akavuta waya mpaka mwisho, akaiinamisha simu kwenye gramafoni, na kumpa Othella ishara.

Kipande kikapita. Cleota akairudisha simu sikioni, akasubiri. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba sauti ya mwanamume ilisikika hadi kwenye sofa.

"Ni Mama," Thurlow akasema. Halafu akauliza: "Mama alikuwa anacheka nini?"

Cleota akajikalia kwenye mkono wa kiti. Akamwambia maneno ya wimbo, polepole, bila kuyaimba. Kule Wichita mtu akapumua kwa nguvu. Ndugu hao wakazungumza kwa sauti ya chini, na wageni wakajifanya wanakula pai. Alipokata simu ndipo alipowaeleza. Baba yao alikuwa mtu wa kutembea na wanawake, na asubuhi moja mke wa jirani alikuja mwenyewe mlangoni kuirudisha kofia ya baba, mtaa mzima unatazama. Baada ya hapo baba akaondoka, na mama akapiga marufuku jina lake nyumbani. Hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Wala Cleota, alipokuwa anaimba ule wimbo kila wiki mbele ya wacheza dansi, hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Alikuwa mtoto, aliimba alichopewa.

"Miaka yote nilidhani alikaa pale akiona aibu juu yangu," akasema. "Kumbe. Na akaniacha nisemwe. Amekaa na mkoba wake mapajani, uso kama wa siku ya maziko, Bwana Tarrant ananifokea, na yeye kimya."

Akaanza kucheka mwenyewe, na machozi yakaja humo humo, akayafuta kwa kitambaa cha mezani. Akasema hana sauti ya mama yake popote pengine. Picha anazo, sauti hana.

Othella akaiondoa santuri kwenye gramafoni, akaitia kwenye bahasha yake ya karatasi na kuiweka mezani kando ya pai. Percy akafungua mdomo. Othella akamtazama, Percy akaufunga.

Wakiwa wanarudi, Percy alinung'unika mpaka darajani. Alisema labda ilikuwa ya pekee duniani, na kwamba angalau wangeomba kuinakili kwenye tepu kwanza. Othella alikuwa anayatazama maji na hakumsikia vizuri. Alikuwa anamfikiria yule mwanamke ndani ya treni ya kurudi kutoka Chicago, binti yake akisemwa kwenye kiti cha mbele. Je, alilala? Alichungulia dirishani? Au alijificha nyuma ya gazeti akicheka tena?

"Nilipaswa kumuuliza walikaaje," akasema.

"Nani?"

"Kwenye treni. Nani alikaa wapi." Akakisogeza kiti kidogo nyuma. "Kesho baada ya ibada unanipeleka tena, Percy. Na njoo na hiyo tepu yako."