Njia ya Kuogelea Sebuleni

Alasiri moja ya Januari 2003, kocha wa kuogelea wa chuo kimoja cha Marekani alipiga simu nyumbani kwa Ghanim, mtaa wa Ghubra. Alimwambia Bashayer, binti mkubwa, kwamba anamtaka kwenye timu yake na atamsemea kwa watu wa udahili. Bashayer alipoweka simu chini, sebuleni palikuwa na njia ya kuogelea: maji ya kifuani, kutoka kabati la vyombo hadi dirishani, na kamba ya maboya ubavuni. Mama yake, Mahfudha, akahamishia zulia na dele la kahawa chumba cha pili.

Bashayer alifurahi mno. Bwawa la klabu lilikuwa la wanawake saa mbili tu kwa wiki. Sasa aliogelea kila siku, mapazia yamefungwa. Kocha alipiga kila Jumatano, na kila akisema anamtaka, maji yalipanda kidogo.

Machi, chuo cha uhandisi cha mjini kilimpa nafasi, kikataka jibu upesi.

"Baba, nnataka kumuuliza kocha kama udahili washalisoma faili langu. Aniandikie."

Ghanim alikuwa akijifuta miguu. "Mtu kakupa neno lake, nawe unamdai karatasi? Aibu, mwanangu. Utamtia haya."

Duka lake la Hamriya alilipata kwa neno la mdomo, na lilikuwa na miaka ishirini. Ghanim akawaandikia watu wa chuo cha uhandisi kuwashukuru na kukataa.

Aprili ikaja barua kutoka Marekani ya kumkatalia Bashayer. Kocha alipiga kueleza, kwa upole kabisa. Bado anamtaka, ila udahili humruhusu kupeleka majina manne, na aliowaahidi walikuwa tisa. Nafasi ya uhandisi ilikuwa imeshapata mtu. Bashayer alilia kwa uchungu humo humo majini. Fundi bomba aliitwa kuyatoa maji, akanywa kahawa, akasema maji hayo si ya bomba, ni ya simu.

Mwaka uliofuata kocha alipiga tena. Amesikia kuna mdogo wa Bashayer, Khawla, naye anaogelea?

"Anaogelea, alhamdulillahi," alisema Ghanim, akamshukuru kwa moyo mmoja.

Bashayer alikuwa na la kusema. Lakini baba yake alikuwa akizungumza na mgeni, naye alilelewa asimkate mkubwa kauli. Akamshikia Khawla viatu alipokuwa akishuka majini, asije akavilowesha.