Mwaka Uliogongwa Kwenye Taa

Mshonaji alikuwa na miaka sitini hivi, wajukuu watatu na cherehani mbili, lakini ukimtajia mama yake mzazi anarudi kuwa mtoto wa miaka minne. Alikuwa na umri huo mwaka 1968, mama alipofariki. Hakumbuki sura wala sauti. Alichobaki nacho ni taa ya mafuta ya shaba, aliyopewa utotoni na Mama Mdogo, mke wa pili wa baba yake, aliyemlea. "Hii ilikuwa ya mama yako," aliambiwa, na toka hapo taa hiyo haigusi mtu. Mumewe alijaribu kuipangusa mara moja tu, akajuta.

Kigurudumu cha kupandishia utambi kilipokwama, akaipeleka kwa Fundi Miwani, mzee anayetengeneza taa na majiko, ambaye haamini kitu mpaka akikwaruze kwa ukucha.

"Kigurudumu hakinisumbui," mshonaji alisema. "Niambie ni ya mwaka gani. Nataka kujua mama aliishika miaka mingapi."

Fundi akasugua chaki kwenye kigurudumu, akafuta kwa kidole gumba, maandishi yakajitokeza: nambari ya hataza, na mbele yake 1931. Moyo ukamruka mshonaji. Hapo hapo akamwona mama yake, bado msichana, anasuka nywele karibu na mwanga ule.

"Taratibu, dada," fundi alisema. "Hapo ndipo kila mtu anapoingia mkenge. Huu ni mwaka ambao aliyebuni kigurudumu alipewa hati ya hataza, wenzake wasimwige. Kiwanda kikaendelea kuugonga mwaka huohuo kwenye kila taa, miaka nenda miaka rudi. Taa haisemi umri wake usoni. Tuitazame makalio."

Akaipindua, akaondoa masizi kwa kitambaa chenye mafuta. Chini palikuwa na ndege wawili wanaotazamana. Fundi akafungua daftari lake la nembo, akalipekua mpaka mshonaji akaanza kuuma kidole.

"Kiwanda hiki zamani kilikuwa na ndege mmoja," alisema mwishowe. "Wawili walikuja kilipoungana na kingine. 1973."

"Labda kitako kilibadilishwa."

"Kitako na tangi ni kipande kimoja. Tafuta mwenyewe palipoungwa."

Akatafuta. Alizungusha kidole mara tatu, hakuna. Miaka mitano baada ya mazishi. Alihisi amefiwa upya, na safari hii alikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa. Akaichukua taa yake, kigurudumu bado kimekwama, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu baba yake.

Mama Mdogo alikuwa kitandani anakunja nguo. Mshonaji akamwekea taa mapajani.

"Mama Mdogo, taa hii imetengenezwa mama yangu akiwa kaburini."

Bi kizee yule alikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ulikuwa unapekua kila kabati," alisema. "Unatafuta hata kitana chake. Na ndugu zake walishagawana vyote, hawakuacha hata kijiko. Roho iliniuma. Nikanunua taa mpya dukani, nikaipaka masizi ionekane kuukuu. Nikakudanganya, mwanangu, na sijaacha kuogopa kwamba utajua."

Mshonaji alitaka kukasirika, hasira zikagoma. Kilichokuja ni ile hamu ya siku zote, kali kuliko jana, na sasa haina hata pa kuishikia.

"Kwa hiyo hakuna," alisema, machozi yanamtoka. "Hakuna hata kitu kimoja cha mama yangu kilichobaki."

"Kimoja kilibaki," Mama Mdogo alisema. "Nilikikuta humu ndani nilipoolewa. Kimejificha nyuma ya mlango, hakitaki kula, kinaniuliza mama yake anarudi lini."