Visiki vya Mpakani

Kaka yangu Jotham alipenda mwanga kuliko alivyopenda chakula. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe angekubali. Mwaka ule wa 1951, hapa Kamukuywa, nyumba nyingi zilikuwa na koroboi, kile kitaa cha mkebe kinachotoa moshi mwingi kuliko mwanga, na waliokosa koroboi walitosheka na moto wa mafiga. Nyumba ya Jotham ilikuwa na karabai. Aliitundika juu ya meza, akaipiga pampu mpaka ikaanza kunguruma, na kila jioni watu wa kanisa wakaja kusoma Biblia na kuimba. Walimwita Mwalimu. Akiitwa Mwalimu, shingo yake ilirefuka kidogo.

Tatizo la karabai ni kwamba hunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka kulima. Na mafuta ya taa yaliuzwa mahali pamoja tu kijijini, dukani kwa Khaemba.

Mimi, Wilkista, nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, kijiji cha Kwanza. Hakunifukuza mtu, niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe kabla hajanivunja mkono wa pili. Sikuwa na kwangu ila kipande alichonikatia Peris, mke wa kaka yangu, katika shamba la chini. Shamba hilo ndilo lililotulisha sote. Juu, penye nyumba, palikuwa changarawe tupu. Chini, ukishavuka njia ya ng'ombe, udongo ulikuwa mweusi, na humo tulikuwa na ndizi, wimbi na maharagwe. Shamba hilo liliishia kwenye safu ya miti ya lusiola, na ng'ambo ya miti ilikuwa ardhi ya jirani yetu Wakhungu mpaka mtoni.

Kwetu mpaka haukuandikwa popote. Uliandikwa kwa lusiola. Baba yetu na baba yake Wakhungu waliipanda miti ile siku moja, huyu akishika mche na huyu akifukia, kisha wakanywa busaa kwa mirija kutoka chungu kimoja mbele ya watu wa ukoo. Mti wa namna hiyo haukatwi na mtu mmoja. Matawi yaliyoanguka yenyewe tuliyaokota kuwa kuni, sisi upande huu na wao upande ule, na hakuna aliyewahi kuinua panga.

Khaemba hakuwa mtu wa kelele. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alienda pole kweli. Alivaa kofia ya kahawia aliyoivua kwa kila mtu, hata kwangu mimi niliyeachika. Bei ya mafuta ilipoanza kupanda, alitutangazia kwa huzuni kana kwamba amefiwa.

"Huko Kitale mafuta imepanda tena," alisema. "Mimi nitafanya nini, mama? Na lori nayo inataka pesa yake."

Chupa ya senti thelathini ikawa senti arobaini. Kabla hatujazoea arobaini ikawa hamsini, na kabla ya mavuno ikawa shilingi nzima. Watu walinung'unika, wakakopa. Khaemba hakumnyima mtu. Jotham naye alichukua mafuta ya karabai, akachukua tena, na kila alipouliza deni limefika wapi, Khaemba alicheka taratibu.

"Kwani nimekudai, Mwalimu? Wewe wasomee watu neno la Mungu. Sisi tutaelewana."

Neno hilo lilinitia baridi. Mtu anayekudai kwa makelele unajua anataka nini. Huyu hakutaka kutuambia.

Peris alimsihi mumewe arudi kwenye koroboi. Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, akamnyima chai siku mbili. Jotham alisema hawezi kuwaweka watu wa Mungu gizani. Mimi nilimwambia kwamba Mungu aliumba jua, wasome mchana. Alinitazama kama shetani aliyejifunga leso.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," Peris aliniambia tukipalilia. "Mulamwa, twende tujue hiyo bei ya Kitale kwa macho yetu. Mimi siwezi kumwacha mtoto mwenye surua. Nenda wewe."

Mulamwa ndivyo tunavyoitana mtu na wifi yake, na Peris akiniita hivyo sikuweza kumkatalia chochote. Nilichukua kuku watatu, nikapanda lori la mahindi mpaka Kitale. Kuku walichukua siku tatu kununuliwa sokoni, kisha nikaingia maduka ya Wahindi, moja baada ya jingine, nikiuliza bei ya chupa ya mafuta. Kote ilikuwa senti thelathini na tano. Sikuhitaji kusoma shule ya mtu yeyote kuelewa hilo.

Nikiwa natafuta lori la kurudi nilimwona Wakhungu, jirani yetu, amekaa kwenye gunia karibu na stesheni. Tulijua amehamia Endebess kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu na kwamba angerudi. Aliponiona alitaka kuondoka. Nikamshika koti.

"Baba Agneta, unanikimbia?"

"Sikimbii. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Shamba yako imejaa majani. Unarudi lini kulima?"

Alitazama viatu vyake. "Hiyo shamba si yangu tena. Nilipea Khaemba. Deni ya mafuta ilikuwa imenifika hapa," akajigusa shingo. "Akafuta deni, akaniongeza ng'ombe mbili. Akasema nisiambie mtu mpaka amalize mambo yake."

"Mambo gani?"

"Si mimi najua. Alikuwa anauliza sana juu ya lusiola. Ati ni nani alipanda, ati wazee waliona ni akina nani, na wangapi bado wako hai."

"Na wewe uliuza mpaka wapi?"

"Mpaka kwa lusiola, si unajua? Ningeuza wapi kwingine?"

Nilimwachia koti, nikakimbilia malori. Lori la kwanza lililokuwa likienda njia yetu lilikuwa limebeba mbao, na dereva hakutaka abiria. Nilimpa pesa zote za kuku. Njia nzima nilikuwa nikijiambia labda nimezidisha, labda mtu huuliza tu habari za ardhi aliyonunua. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa Kamukuywa niliona moshi mweupe ukipanda polepole kutoka upande wa mtoni. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa wa tanuri la makaa.

Nilimkuta Peris amesimama kwenye njia ya ng'ombe na mtoto mgongoni. Hakuwa akilia. Alikuwa amekwisha kulia.

"Khaemba alikuja ulipoondoka tu," alisema. "Akamwambia, Mwalimu, ukinipa hii miti nichome makaa, deni yote imekwisha. Na karabai itawaka bure mpaka Krismasi. Nilimshika mkono ndugu yako. Nikamwambia hiyo miti si yako peke yako. Akasema hayo ni mambo ya busaa, sisi tumeokoka, Mungu anajua mpaka."

Safu nzima ilikuwa imelala. Watu wa Khaemba walikuwa wameanza kufanya jambo lililoniogopesha kuliko kukata. Walikuwa wanang'oa visiki. Walichimba kuuzunguka kila mzizi, wakaufunga kwa mnyororo, na ng'ombe wanne wakauvuta. Lusiola ukiikata huchipuka, mwaka ujao ungeona vijiti vimejipanga palepale na kila mtu angejua mpaka ulikuwa wapi. Anayetaka makaa hukata shina na kuondoka. Anayeng'oa kisiki ana haja nyingine.

Khaemba alivua kofia. "Umerudi, dada? Kitale iko namna gani?"

"Mafuta huko ni senti thelathini na tano," nikasema kwa sauti ya kusikika na watu wake wote.

Alitabasamu. "Kumbe! Basi imeshuka. Mungu ni mwema."

"Na visiki unang'oa vya nini?"

"Kisiki ndiyo iko na makaa mzuri, dada. Inakaa kwa moto. Muulize mtu yeyote."

Nilimpata Jotham nyumbani akiifuta karabai kwa kitambaa. Nilimwambia yote: bei, Wakhungu, ardhi iliyouzwa kimyakimya, maswali kuhusu wazee. Nilimwomba ashuke sasa hivi azuie hata visiki viwili, viwili tu vingetosha kuonyesha mstari. Nilipiga magoti, mimi ambaye sikumpigia magoti hata mume.

Aliweka kitambaa chini. Nadhani alielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika rangi. Lakini kushuka kungekuwa kukiri mbele ya mkewe, mbele yangu na mbele ya wale vibarua waliomwita Mwalimu kwamba amefanywa mjinga. Hilo hakuliweza.

"Khaemba ni mtu wa kanisa," akasema. "Wewe unachukia kila mwanamume kwa sababu ya mmoja."

Niliondoka nisije nikampiga na ile taa.

Miti ilipokwisha ndipo tulipojua ilikuwa imetupa nini. Peris alikosa matawi ya kuokota. Msitu ulikuwa mbali na askari wa msitu hakuwa na huruma, basi tukaanza kununua kuni. Aliyeuza kuni alikuwa Khaemba. Tulipikia lusiola yetu wenyewe, kwa mkopo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, plau ya Khaemba ilianzia mtoni ikapanda kuelekea kwetu. Ilipita pale safu ilipokuwa, ikasawazisha mashimo, ikaendelea kupanda. Iling'oa wimbi langu. Iling'oa migomba ya Peris. Ilisimama kwenye njia ya ng'ombe, chini tu ya nyumba yetu. Peris alijilaza mbele ya ng'ombe kwenye kipande chake cha maharagwe, na mshika plau, kijana wa watu, akaona haya, akawafungua nira, maharagwe yakabaki.

Kesi ilisikilizwa siku ya soko na mukasa, yaani mkubwa wa kijiji, pamoja na wazee wake. Watu wote wa kile kilima walikuja. Khaemba alisema alinunua ardhi kutoka mtoni mpaka njia ya ng'ombe, na muuzaji yupo. Akamleta Wakhungu, aliyetoka Endebess kwa lori la Khaemba, amevaa koti jipya.

"Mpaka yako na ya Jotham ilikuwa wapi?" mukasa akauliza.

Wakhungu hakuinua macho. "Ilikuwa kwa njia ya ng'ombe."

Nilisimama kabla sijajijua nimesimama. Nilisema yote aliyoniambia Kitale, neno kwa neno. Nilisema baba zetu walipanda nini na wapi. Mukasa alingoja nimalize, hakunikatiza, kisha akasema kwa upole kwamba binti aliyeolewa mahali pengine hawezi kushuhudia mpaka wa kwao, na aliyeachika hana kwao pa kushuhudia. Wanaume wengine walicheka. Namkumbuka kila mmoja aliyecheka.

Ndipo Jotham alipoinuka. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze nilimwonea huruma, maana shingo yake ilikuwa imezama mabegani.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Nyinyi wote mlipita chini ya hiyo lusiola mkienda mtoni. Watoto wenu walipanda juu yake. Naomba mtu mmoja tu. Mmoja aseme aliona."

Nikawatazama. Yule aliyechunga ng'ombe nasi utotoni alikuwa anachora chini kwa kijiti. Mama aliyeokota kuni nasi kila wiki alikuwa anamfunga mtoto leso ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Watu wa Biblia, wale waliokuwa wakiimba chini ya karabai, walikuwa wamejipanga nyuma, na hata mmoja hakukohoa. Sikuhitaji kuwauliza sababu. Hakuna nyumba pale ambayo haikuchukua mafuta kwa Khaemba kwa mkopo, na hakuna aliyejua deni lake limefika wapi. Mukasa mwenyewe alikuwa na koroboi tatu.

Khaemba alikaa na kofia magotini. Hakumtazama mtu yeyote usoni, na hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

"Hakuna shahidi," mukasa akasema. "Mpaka ni njia ya ng'ombe."

Watu walitawanyika haraka, kila mmoja akikumbuka kazi. Peris alikaa chini akishika udongo, na mtoto akamvuta sikio akitaka kunyonya. Khaemba alitujia taratibu, akasimama mbele ya kaka yangu.

"Mwalimu, mimi si mnyama," alisema. "Hiyo maharagwe mama avune, sitaki kitu. Na msimu ujao alime tu hapo chini kama kawaida. Ataniletea nusu ya kile atapata. Watoto wasilale njaa."

Peris aliinua uso. Mimi nilikuwa nimekwisha kuokota jiwe, nasema kweli, nilikuwa nalo mkononi. Tulimngoja Jotham aseme neno lolote lile, hata tusi la kitoto, tusimame nyuma yake.

Kaka yangu alinyoosha mikono yote miwili, akaupokea mkono wa Khaemba, akainama kidogo.

"Asante," akasema.