Kabla Karani Hajafuta

Bomba lilikohoa mara mbili gizani, likanyamaza, kisha likaanza kutema. Niliruka kutoka kitandani macho yakiwa bado yamefumba. Kwetu maji yakija huja alfajiri, na asiyeamka anashinda akizunguka na ndoo kwa majirani. Nikapapasa mpira, nikautumbukiza ndani ya pipa la dada, nikafungua kidogo maji yasipige kelele, nikarudi chumbani kwa ncha za vidole.

Pipa lile huchukua saa nzima kujaa. Saa hiyo ndiyo yangu. Wengine wangesinzia, mimi hufungua laptopu yangu, ile yenye kifuniko kilichoshikizwa kwa plasta ya dukani, nikajibu maswali ya watu.

Ni jukwaa la mtandaoni la waandishi wa programu. Mtu kakwama huko aliko: skripti inagoma, seva imejaa, Unix, ule mfumo wa kuiendesha kompyuta kwa amri za kuandika, imemjibu maneno asiyoyaelewa. Anaandika swali, anayejua anajibu. Hakuna anayelipwa. Jibu likiwafaa watu unapewa pointi, na pointi zikilundikana wanaanza kukuita mkuu. Mimi nilikuwa na majibu mia sita na kumi na mawili, chini ya jina la Nati, na pahali pa sura yangu nilikuwa nimeweka picha ya nati kweli, ya chuma, yenye kutu kidogo. Nilidhani nati haiulizwi imesoma wapi.

Nimesoma darasa la jioni. Miaka miwili, mtoto mgongoni, nikisimama nyuma ya darasa nikimbembeleza huku nanakili ubaoni. Kompyuta ilikuwa moja kwa watu kumi na tisa. Mmoja akifuta kitu kwa bahati mbaya, wote tumekosa somo. Kwa hiyo mwalimu alituwekea sharti: kabla ya amri yoyote ya kufuta, tanguliza neno *echo*. Ukifanya hivyo kompyuta haifuti. Inakutajia tu kile ambacho ingekifuta. Unasoma jina moja moja, ukiridhika ndipo unaliondoa lile neno. Wenye kompyuta zao nyumbani walicheka. Sisi tulioshiriki moja hatukuwa na anasa hiyo.

Dada yangu, ambaye tumepanga chumba chake cha uani, huyaita yote hayo kucheza. "Mdogo wangu, umeshaamka kucheza na mashine?" Kasema hivyo mpaka binti yangu wa miaka mitano kalishika neno. Mgeni akiuliza mama yuko wapi, mtoto anajibu bila kupepesa: "Anacheza na kompyuta." Wageni hucheka. Mimi nami nilikuwa nacheka, kwa mdomo tu.

Lakini wiki hiyo sikuwa nacheza, kama niliwahi kucheza. Kampuni moja ya mjini ilikuwa imeniita kwenye usaili Alhamisi. Sina shahada, na barua yao haikuniuliza shahada. Iliandika: *Tumeyasoma majibu yako jukwaani. Njoo na akaunti yako, tutaifungua pamoja.* Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Akaunti ya Nati ndiyo ilikuwa cheti changu, na sikuwa na kingine.

Sasa, asubuhi ile, swali la kwanza kulifungua lilikuwa la karani wa shule. Diski ya pembeni ya shule, ile ya kuchomeka kwa waya, imejaa mafaili ya zamani, anataka kuisafisha kabla walimu hawajafika. Alikuwa amebandika kila kitu, kama wafanyavyo wageni: skrini nzima, jina la folda, mpaka kichwa cha barua ya shule chenye namba ya simu. Naye tayari alikuwa kashajibiwa. Kajibiwa na Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu ana pointi elfu arobaini, na ni mmoja wa wasimamizi wa jukwaa. Jibu lake lilikuwa na amri mbili. Ya kwanza: ingia kwenye folda ya zamani, iliyo ndani ya diski. Ya pili: futa kila kitu. Chini yake karani alikuwa ameandika, "Asante mkuu! Naiendesha saa kumi na mbili kamili."

Nikatazama saa. Kumi na moja na dakika kumi na nane.

Ubaya wa amri zile ni huu. Unix haikuulizi mara mbili. Ukiiambia iingie chumba fulani, ikakuta chumba hakipo, itanung'unika mstari mmoja, kisha itaendelea na agizo la pili palepale iliposimama. Na skrini aliyobandika karani ilionyesha aliposimama: kwenye folda iitwayo *matokeo*, ya mitihani ya wanafunzi.

Nikaandika haraka. "Ndugu karani, usiendeshe hivyo. Iambie isimame ikishindwa kuingia. Na kwanza kabisa tanguliza echo, uone itafuta nini." Nikaweka na amri yenyewe, iliyorekebishwa.

Haikupita dakika tatu jibu langu likatoweka.

"Limeondolewa," akaandika Fundi Mkuu. "Muulizaji amesema folda ipo. Tusitiane hofu."

"Ilikuwepo jana, mkuu. Leo hujui."

"Nati, nilianza Unix wewe hujatambaa. Siyo wewe uliyesema umesoma darasa la jioni? Ndiyo mambo ya darasa la jioni hayo. Rudi ukalale, bibie."

Damu ilinipanda masikioni. Ni kweli niliwahi kusema, siku moja, kwamba mimi ni mama niliyesoma jioni, nikimtia moyo binti mmoja aliyeogopa kuuliza. Kumbe mtu alilitunza.

"Saa hizi silali, nakinga maji," nikamjibu. "Nimetengeneza folda ya majaribio nikaiendesha amri yako humo. Picha hii hapa: imefuta mahali pasipo pake. Wewe uliijaribu?"

Jibu la pili nalo likaondolewa, na picha yake. Chini yake mstari mwekundu: *Onyo la mwisho. Ukirudia, akaunti inafungwa.*

Nikaondoa mikono kwenye vibonye. Huko nje mpira ulikuwa unagugumia ndani ya pipa. Mtoto aligeuka, akaitupa shuka, nikamfunika. Nikamwambia polepole, kama vile yeye ndiye aliyeniuliza, "Alhamisi, mwanangu. Ni kunyamaza mpaka Alhamisi tu." Nilikuwa nimeshaipiga pasi blauzi ya usaili, imening'inia mlangoni. Ningeweza kufunga laptopu nikaenda kuangalia maji. Nani angejua? Karani angejua, saa kumi na mbili na dakika moja. Na watoto wa watu, ambao mmoja wao baada ya miaka michache angeweza kuwa huyu aliyetupa shuka.

Kilichonikera zaidi si tusi. Kilichonikera ni kwamba huyu mtu hakuijaribu. Sisi watu kumi na tisa wa kompyuta moja tulijaribu kila kitu, na yeye mwenye pointi elfu arobaini hakujaribu mistari miwili.

Nikaliandika tena jibu langu, herufi kwa herufi, na mwisho nikaongeza: "Nimesoma darasa la jioni. Huko tunaangalia kabla ya kufuta." Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe. *Akaunti hii imefungwa.* Majibu mia sita na kumi na mawili, na nati yangu yenye kutu, vyote kwisha. Kumi na moja na dakika arobaini na moja.

Machozi yalikuja, nikayaambia yasubiri. Nilikuwa nimeiona namba ya shule. Nikachukua simu.

Iliita sana.

"Halo! Shule imefungwa!" Sauti ya mzee, na redio nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta karani."

"Marahaba. Mimi ni mlinzi. Karani yupo ila kasema asisumbuliwe, anafuta."

"Ameshaanza?"

"Nitajuaje, mama? Nimemwona anafuta meza."

"Mzee wangu, tafadhali kimbia. Mwambie atoe mikono kwenye kompyuta."

"Nikimbie? Na goti hili?"

"Basi paza sauti!"

Akaipaza, mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Karaaani! Toa mikono! Kuna mama kwenye simu anasema toa mikono!"

Viatu, mlango, kuhema. Kisha sauti ya kijana, imejaa mashaka. "Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Nati. Nilikujibu jukwaani, majibu yakaondolewa."

"Sijaona jibu lolote zaidi ya la mkuu."

"Ndiyo maana nimepiga. Usiendeshe ile amri."

"Dada, kwa heshima zote, Fundi Mkuu ana pointi elfu arobaini."

"Najua. Na mimi sina hata moja, tangu dakika tano zilizopita. Sikuombi uniamini, nakuomba neno moja tu: kabla ya amri ya kufuta andika echo. Haitafuta kitu. Nisomee inachotaja."

Nadhani alikuwa anapima sauti yangu. Kisha nikasikia vibonye, kimoja kimoja.

"Inasema folda haipo," akasema. "Lakini jana niliiona kwa macho yangu!"

"Halafu? Chini yake?"

"Halafu inataja... matokeo ya mwaka jana. Ya mwaka juzi. Usajili wa mtihani wa mwaka huu." Akaacha kusoma. "Dada, hii ni shule nzima."

"Nakala zake ziko wapi?"

"Si ndizo nilikuwa nataka kuzitengeneza leo! Nilikuwa naisafisha diski nipate pa kuziweka."

"Diski yenyewe imechomekwa?"

"Niliichomeka jana mwenyewe, kabla ya—" Akakatika. Nyuma yake nikamsikia mlinzi, mpole kabisa: "Ile yenye waya mweusi? Niliichomoa usiku nichaji redio. Nilidhani imeshajaa."

Kisha karani akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, kikamgeukia kilio kidogo, akajifanya anakohoa.

"Dada, nikulipe nini?"

"Rudi jukwaani uandike ulichokiona. Usinisifu, andika tu kilichotajwa. Kuna wengine watainakili ile amri leo."

"Naandika sasa hivi. Waache na mimi wanifungie."

Nikakata simu. Nikafungua akaunti mpya. Mahali pa jina nikaandika *Darasa la Jioni*. Mahali pa picha sikuweka nati wala bolti. Nilijipiga picha palepale, na kitambaa cha kulalia kichwani, nikaiweka. Pointi: sifuri. Jibu la kwanza: lile lile. Nilijua mwenye elfu arobaini anaweza kulifuta. Nilijua pia bomba linakuja kila alfajiri, nami nipo.

Kisha nikawaandikia wale wa kampuni. "Akaunti mliyoisoma imefungwa leo asubuhi. Sababu yake ni jibu hili hapa, lisomeni. Alhamisi nitakuja, na kama bado mnanitaka, nifungulieni kompyuta niwaonyeshe." Niliisoma mara moja tu nikaituma, nisije nikaipunguza makali.

Hapo ndipo nikasikia maji. Si ndani ya pipa. Sakafuni, uani, yakielekea mlangoni kwa dada.

"We!" Kofi kwenye mlango wangu. "Pipa linamwagika, viatu vyangu vinaelea, na mama mtu kajifungia anacheza na kompyuta! Uko wapi wewe?"

Nikainuka, lakini binti yangu alikuwa kashashuka kitandani, nywele zimesimama upande mmoja. Sijui alikuwa macho tangu lini, wala amesikia nini. Alivuta komeo kwa mikono miwili, akaufungua mlango, akamtazama mama yake mkubwa aliyesimama kwenye maji na kandambili mkononi.

"Mama yuko kazini," akasema.