Saa Kumi na Nne Kitini

Mwanangu Stamatis aliniambia siendi Melbourne, na alinitamkia mbele ya mkewe, kalamu mkononi utadhani daktari. Kutoka Athens ni kilomita elfu kumi na tano. Saa nne na nusu hadi Doha, kisha kipande kirefu, saa kumi na nne bila kutua. Kwa miaka yangu sabini na tisa, miguu itavimba, damu itaganda, nitashushwa maiti.

Dada yake, Vasiliki, yuko huko tangu ana miaka ishirini, na sasa amezaa. Kwetu mtoto hana jina mpaka kasisi amzamishe majini, na siku hiyo huyu ataitwa Garoufalia, yaani mimi. Jina langu liende, mwenyewe nibaki nikipalilia nyanya? Thubutu!

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilikwenda kwenye mkahawa wa Lefteris pale uwanjani. Wanaume wa kijiji hushinda hapo mpaka jioni, lakini wake zao hawavuti kiti. Mimi nilivuta. Nikamwambia Lefteris ndege imeruka kutoka Doha na sinyanyuki mpaka saa mbili usiku, isipokuwa kwenda chooni, maana hata ndege ina choo.

Walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Adhuhuri mzee Thrasivoulos akauliza, "Bibi, ndege imefika wapi?"

"Inapita India. Wewe bado uko kwenye kiti kile kile tangu ustaafu."

Sitadanganya. Saa ya tisa magoti yaliniwaka moto na machozi yalinilenga. Niliyameza.

Stamatis alikuja saa kumi jioni, uso umemwiva kwa aibu. Alinisihi niende nyumbani, watu wanamcheka. Nikamjibu waache wacheke, mimi niko angani. Mwisho akavuta kiti, akakaa.

"Si miguu, mama," akasema. "Naogopa ukifika huko hutarudi. Nitabaki na nani?"

Nilimhurumia. Lakini si kiasi cha kunyanyuka.

"Dada yako alipoondoka, mimi nilibaki na nani?" nikamwambia. "Miaka kumi na tisa nimekaa namsubiri, na hukuja hata siku moja kuniuliza kama miguu imevimba."

Hakuondoka. Lefteris alituletea mkate, jibini na nyanya, tukala pamoja.

Saa mbili ilipogonga, jua la Juni lilikuwa bado juu ya mlima. Nilisimama. Miguu ilikuwa mizito kama magogo, na Stamatis akaninyooshea mkono. Niliukataa, nikavuka uwanja mzima kwa miguu yangu, wanaume wote wakitazama, hakuna aliyecheka.

Mlangoni kwangu akanifikia.

"Tiketi nitakukatia kesho," akasema. "Unataka kiti cha dirishani au cha njiani?"

"Dirishani," nikamwambia. "Nataka niuone kwa macho yangu huo umbali ulioninyima binti yangu."