Inama Nikuone

Watu wa mtaa wa Lac Vert hawalali chini. Hata asiye na godoro atatafuta mawe ya volkano na kukiinua kitanda chake, kwa sababu huko kuna pumzi mbaya inayotoka ardhini, nayo huitwa mazuku. Haina rangi. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mazuku hujaa mabondeni na kuingia majumbani kama maji, yakafika magotini. Kilicho chini ya magoti hakiamki tena, kiwe mbuzi au mtoto anayetambaa. Aliyesimama hupita salama.

Exaucée alifundishwa hayo na mama yake, Kanyere, kabla hajafundishwa sala. Kila jioni Kanyere alikuwa akiziba kwa tambara lile tundu la chini ukutani, linalotoa maji ya kuoshea nyumba. Asubuhi, kabla ya kukanyaga sakafu, alishusha taa taratibu kwa kamba.

"Fasi moto unakufia," alimwambia binti yake akimwonyesha mahali taa inapozimika, "na weye utakufia."

Kisha Kanyere akashikwa na homa, na mdogo wake, Kaswera, akaja kutoka Butembo kumuuguza. Jioni moja, baba wa mtoto akiwa safarini, Kaswera alilitoa godoro la mgonjwa kitandani akalitandika sakafuni. "Saruji inavuta homa," alisema. Tambara hakulirudisha tunduni. Alimpandisha mtoto kitandani, akalala naye, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mtoto, mzito kama jiwe.

Alfajiri sauti ilitoka chini. "Exau. Inama nikuone."

Mtoto alitaka kuinama. Mkono ukamzuia. "Acha mama alale."

Majirani waliambiwa ni malaria. Matanga yalipokwisha, ukoo ukaona ni vema mdogo achukue nafasi ya dada yake, na Kaswera akaolewa na shemeji yake. Hakuzaa. Alimlea Exaucée kwa mkono mwema: alimsuka, alimlipia shule, alimtaka amwite Mama. Naye Exaucée akamwita Mama.

Lakini asubuhi zisizo na upepo, mtoto akiwa juu ya kitanda, alikiona kitambaa cha kichwa cha mama yake kikipita sakafuni. Kilikwenda kutoka ukuta hadi ukuta, hakikuinuka kupita magoti ya mtu. Uso hakuuona kamwe, kwa kuwa kutoka juu huoni uso. Kaswera naye alikiona, ndiyo maana hakushuka kitandani hata siku moja kabla ya jua kuchomoza.

Exaucée alikua, akaolewa mtaa wa Katindo, baba yake akafa. Hakumshitaki mtu. Alikuwa anangoja siku moja tu, siku ambayo Kaswera angemhitaji.

Siku hiyo ikafika. Kaswera aliteleza juu ya mawe, akavunjika nyonga, akamtumia bintiye habari. Exaucée alipanda pikipiki ya motari, akapita barabara ya Sake, akaingia katika nyumba ya utoto wake mchana kweupe.

"Unakuya kuniuguza ao kunizika?" aliuliza Kaswera kutoka kitandani. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake haukukonda.

"Tutaona, mama mudogo."

"Leo niko mama mudogo? Ile siku nililipa minervali yako ya shule nilikuwa Mama."

"Ulilipa vizuri. Na mimi nakuya kulipa."

Kaswera alicheka kidogo. Alidhani ni maneno ya kitoto. Alikula bugali na ndagala alizopikiwa, akasifu, akauliza habari za wajukuu.

Jioni Exaucée alimbeba mikononi, akamkalisha kitini, akaliburuta godoro kutoka kitandani, akalitandika sakafuni na kumlaza juu yake. Kaswera alidhani anataka kubadilisha shuka. Kisha akamwona anakwenda ukutani, anachutama, anachomoa tambara katika tundu.

"Exau. Unafanya nini?"

"Uko na homa, mama mudogo. Saruji inavuta homa."

Kaswera akalitazama tundu. Nje, mtu alikuwa anapasua kuni, na shoka lililia mara kadhaa.

"Kumbe ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

"Alikuwa na yote," alisema Kaswera. "Bwana, nyumba, na weye. Mimi hata tumbo Mungu alininyima. Nilitaka yote, lakini weye ndiye nilikutaka zaidi. Mbona nilikupandisha juu? Ningekuacha chini na yeye, nani angejua?"

"Afadhali ungeniacha."

"Muone huyu. Nilikufundisha kila kitu ila shukrani."

"Ulinifundisha na hii," alisema Exaucée. Alipanda kitandani, akakaa juu ya mbao tupu, akawasha taa na kuiweka karibu na mto wa Kaswera. Alitaka aione ikizimika.

Kaswera alijaribu kujikokota. Nyonga ilikataa. Alimtukana Exaucée kwa Kinande, akamwomba kwa Kiswahili, akasali Salamu Maria kwa Kifaransa, na mwishowe usingizi ukamchukua. Exaucée hakulala. Moyo wake ulikuwa mtulivu kama lava iliyoganda, baridi juu, chini yake moto.

Kulipoanza kupambazuka, ulimi wa moto wa taa ulijivuta, ukawa wa buluu, ukafa. Katika mwanga hafifu wa dirisha la juu kitambaa cha kichwa kikatokea tunduni, kikaja polepole hadi kwenye godoro, kikasimama hapo. Kaswera alikoroma mara moja kwa nguvu. Kisha kimya.

"Mama," alisema Exaucée. "Nimekulipia."

Sauti ikatoka chini. "Exau. Inama nikuone."

Maisha yake yote alikuwa ameitaka sura hiyo. Kaswera alikuwa amezichoma picha zote za dada yake. Alijisogeza hadi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuinamisha shingo. Harufu ya sabuni ya mama yake ikampanda puani.

Na hapo chini ya kitanda, jiwe likasogea.

Kitanda kikainama upande wa miguu. Jiwe jingine likaburutwa juu ya saruji, taratibu, na mtu asiye na haraka.

"Mama, ni mimi. Ni Exau."

"Ninajua ni weye. Ulikuwa juu. Ulinisikia, ukakaa juu." Jiwe la tatu likatoka. "Kisha ukaenda kumwita nani Mama?"

Exaucée alifungua mdomo kujitetea, hasira ikamtangulia. Alikuwa mtoto. Mkono ulikuwa juu ya kifua chake. Ameitunza chuki hii miaka yote kwa ajili ya mama yake, ameilisha kuliko alivyowalisha watoto wake, na sasa ndiyo shukrani. Lakini mafundisho yaleyale ya taa na kamba yalimjia kichwani: aliyesimama hupita salama.

Kabla kitanda hakijaanguka, alishuka na kusimama wima. Mazuku yalikuwa magotini. Mikono miwili baridi ilikamata pagne yake, kitenge alichojifunga, kwa chini, ikavuta.

"Inama, mwanangu. Mara moja tu. Sura yangu ni yako."

Exaucée aliinua kidevu, akatazama mlango. Alitembea. Pagne ikakaza kiunoni, hatua ikawa nzito kama anapita matopeni. Alilifungua fundo, akaiacha nguo mikononi mwa aliyeishika, akavuka kizingiti akiwa na kijupe cha ndani tu. Hakugeuka. Machozi yalimtiririka, naye hakuyapangusa, kwa kuwa kujipangusa ni kuinamisha kichwa.

Nje, jua lilikuwa linagusa miamba. Muzee Édouard, jirani, alikuwa anapita na bidoni ya maji. Aliyageuza macho pembeni kwa heshima.

"Mama ameamuka?" aliuliza.

Exaucée alivuta pumzi ndefu.

"Wako wawili, muzee," alisema. "Wote wamelala."